Koko Aliyejua Siku

Nikianza na ukoo wake nitapotea njia, na yeye mwenyewe hakupenda hadithi zinazoanzia kwa babu. Nianze na viti.

Vilikuwa viwili, vya mbao, kwenye baraza la nyumba yake ya Nyalukemba, na hakuvipanga vitazamane. Aliviweka bega kwa bega, vyote vikielekea ziwa. Alisema mtu akikutazama usoni atakuambia unachotaka kusikia, lakini akitazama maji atakuambia cha kwake. Mimi, mfasiri wake, nilipewa kigoda nyuma yao, ikawa kazi yangu ni kufasiria visogo viwili. Katikati ya viti kulikuwa na meza ndogo, na juu ya meza kitambaa cha mkononi kilichopigwa pasi. Pasi nilipiga mimi, ya makaa, kila asubuhi, na ikifika jioni kitambaa kimeshaondoka na mwenye machozi. Hakuna aliyewahi kukirudisha. Nililalamika.

"Aende nacho," alinijibu. "Kulia ni kazi. Mufanyakazi anatoka na chombo yake."

Mimi sikuwahi kukaa kwenye kile kiti cha watu. Miaka saba nilikifuta vumbi tu.

Tulimwita Koko, jina ambalo kwetu Bukavu tunampa bibi yeyote. Alikuwa Myahudi, mjane, mwenye wajukuu wanne huko Ubelgiji ambao picha zao zilifunika mlango wa friji, na kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu walioharibiwa na vita. Yeye alisema psychologue. Mtaa ulisema munganga ya mawazo. Na niseme wazi kabla sijaanza kumsifu, maana nikianza kumsifu nitajisahau: nina hasira naye. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote, na bado nina hasira naye. Kaka yangu mkubwa, muuguzi, alitoka hapa mjini wakati wa vita ya pili kwenda Katana. Hakufika, wala hakurudi. Koko alijua kilichompata. Alikijua kwa miaka minne, na kila asubuhi ya miaka hiyo minne alinimiminia chai.

Nilianza kazi kwake baada ya vita ya kwanza. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule iliyokuwa imepoteza madirisha, kisha ikapoteza wanafunzi. Nilishangaa aliponiambia anatafuta mfasiri, kwa sababu alikuwa ameishi Kongo karibu maisha yake yote. Lakini Swahili yake ilikuwa ile ya mabibi wa Kizungu wa zamani, ya kumsemesha mpishi: lete, pika, ngoja, funga mlango. Ilijua kuamuru, haikujua kuuliza. Aliliona hilo kama aibu yake mwenyewe, na akiona aibu alikuwa mkali, basi siku za mwanzo nilikaripiwa kwa makosa ya sarufi yaliyokuwa ya kwake.

Mtu akishakaa, swali la kwanza lilikuwa lilelile, kwa Kifaransa: anajisikiaje? Nami ninauliza, "Maman, uko aje?" Na kila mama aliyeshuka kutoka vilima vya Kabare au Walungu, awe amefiwa, awe amechomewa nyumba, alijibu, "Niko tu." Mimi nikafasiri: ça va, hajambo. Mtu yeyote wa Bukavu angefasiri hivyo. Ni salamu. Mwenzako akisema niko tu, unaendelea na habari nyingine.

Siku moja akanisikia mimi. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu kaka yangu aondoke. Jirani alipita langoni akaniuliza niko aje, nikamjibu, naye akaenda zake. Koko alikuwa barazani na kikombe chake.

"Weye uko ça va?" akaniuliza.

"Hapana, Koko."

"Lakini umesema niko tu."

"Ndiyo."

"Tu, iko nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimesema neno hilo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniuliza ni nini. Nikamwambia kwamba niko maana yake ni kuwa nimebaki, na tu maana yake ni kuwa hakuna kingine kilichobaki pamoja nami.

Aliweka kikombe chini polepole. "Miaka miwili," akasema kwa Kifaransa, "miaka miwili unaniambia hawa wanawake hawajambo."

Sijawahi kukasirikiwa vile. Alitoa madaftari yake yote kabatini, akachukua penseli nyekundu, akaanza kutafuta kila ça va yangu na kuizungushia duara. Halafu akavaa viatu vyake vya mvua, akachukua mwavuli, na kwa muda wa wiki tatu mimi na yeye, bibi wa zaidi ya miaka sabini, tulipanda na kushuka matope ya Kadutu, mtaa walikokimbilia, tukiwatafuta wale mama mmoja mmoja, tuwaulize upya. Wengi walikuwa wamehama. Tuliowapata walicheka. Mmoja alikuwa anauza makaa, hakuinuka hata kwenye gunia lake.

"Sasa Koko," akasema, "siku zote zile ulifikiri niko muzuri?"

"Ndiyo. Unisamehe."

"Na ulinipatia kitambaa ya nini, kama nilikuwa muzuri?"

Koko akanigeukia nimfasirie, na nikafasiri, na akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Kisha wakakaa wote wawili juu ya gunia, na wakaanza upya.

Ndivyo alivyokuwa kazini: anasubiri. Ungemwona kisogo kimetulia robo saa nzima na mtu hajasema neno, nami nyuma nimefura kwa kutaka kuongeza swali. Niliwahi kuongeza. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanigonga goti kwa miwani yake. "Usimuharakishe."

Lakini ukimkuta mezani, huyo msikilizaji humuoni. Humalizi sentensi. Unaanza habari ya mama yako, yeye ameshaimaliza, na mwisho aliouweka ni mbaya kuliko wa kweli. Alibishana na redio kwa sauti. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimshika anasema macho yamezeeka. Sukari aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni, ilhali mablanketi ya kitanda chake aliyagawa moja baada ya jingine mpaka akawa analala na koti la marehemu mumewe. Alihubiria watu wote kwamba kulia ni kazi, na mwenyewe hakuifanya kazi hiyo mbele ya mtu.

Uyahudi wake uliwasumbua majirani kuliko yeye. Kwetu Mkatoliki amelelewa na Wayahudi wa katekisimu, hakutarajia kumkuta mmoja akinunua nyanya. "Kumbe bado wako?" aliniuliza mama mmoja, kwa heshima kabisa. Katekista wa mtaa alikuja na daftari kumuuliza kama ukoo wake ulimfahamu Bwana Yesu. Koko alifikiri sana, kisha akamjibu kwamba ukoo wake ulikuwa upande mwingine wa mlima na haukualikwa mahali popote. Katekista aliandika. Kambale hakumla, kwa kuwa hana magamba na sheria yao inakataa samaki asiye na magamba, lakini kwa daktari mstaafu wa Kibelgiji aliyekuwa jirani alikula soseji za nguruwe bila kukunja uso. Nilipomuuliza, alisema Mungu wake hachungulii nyumba za watu.

Wageni wa semina ndio hakuwavumilia. Walikuja kwa ndege, siku mbili, wakagawa kalamu na karatasi za kujaza: mama amepatwa na nini, weka alama kwenye kisanduku. Kijana mmoja mpole alimwomba Koko amkopeshe barazani pake wanawake kumi. Alisema kabisa: akopeshwe. Koko alimkalisha kwenye kiti cha watu, akatazama naye ziwa, akamuuliza mara ya mwisho mama yake mwenyewe alimpigia simu lini. Kijana aliondoka na kitambaa. Kichekesho hicho nilikisimulia mji mzima, na ninakisimulia bado, ila siku hizi nikifika mwisho ninajiuliza mbona kijana wa ndege alipata alichokuwa nacho Koko ndani ya nusu saa, na mimi sikupata.

Sasa glasi. Wayahudi, wale wa kwake angalau, hawamsomei marehemu misa kama sisi. Wanamuwashia taa siku aliyokufa, kila mwaka, kuanzia jua linapozama mpaka linapozama tena. Koko alitumia glasi ndogo: maji chini, mafuta juu, na utambi wa pamba ulioelea kwenye kipande cha kizibo. Glasi ziliwekwa kabatini zimefunikwa kifudifudi, nane, kila moja na mtu wake, kila moja na siku yake. Saba zilikuwa zimenunuliwa na haradali ndani, ikaliwa, zikaoshwa. Ya nane ilikuwa ya chai, yenye ua jekundu, na niliinunua mimi mwenyewe sokoni Nyawera siku moja aliponituma: "Nunua mupya, yenye mutu hajakunywea." Nilibishana bei na muuzaji kwa raha zangu. Nilidhani ni ya mgeni.

Siku hizo zilifuata kalenda ya kwao, inayokwenda na mwezi, kwa hiyo hazikutulia. Taa iliyowaka mwaka huu wakati wa kupanda maharagwe, mwaka kesho ilirudi nyuma wiki mbili. Alikuwa na daftari jembamba la kuzifuatia. Mimi sikulifungua, yalikuwa mambo ya dini yao, na vitabu vyenye maandishi ya kwenda kinyume vilinitia woga.

Nilimuuliza tu kuhusu ndugu zake. Aliniambia kwa ufupi, huku akimenya viazi. Katika vita ya Wazungu, yeye akiwa huku Kongo salama, watu wa kwao, kwenye kisiwa alikozaliwa, walichukuliwa wote kwa meli, mama yake, dada zake wawili, na shangazi aliyemfundisha kushona. Hakuna aliyerudi, na hakuna aliyeweza kumwambia walikufa siku gani.

"Sasa unawasha siku gani?"

"Mutu akikosa siku, anachagua siku," akasema. "Nilichagua. Mama yangu nilimuchagulia siku ya mavuno ya zabibu. Alipenda zabibu."

Nikaenda na maneno hayo mbio kwa maman, kama mtu aliyepata dawa. Maana nyumbani kwetu tulikuwa tumekwama. Maman alikuwa akimpakulia kaka yangu sahani kila jioni. Sahani ya bati ya kijani, ya tangu utoto wake. Anapakua, anafunika, asubuhi anawamwagia kuku wa jirani, anaiosha. Padri alikuwa amemwambia kwa upole: maman, utuletee siku, tutaandika jina yake katika kitabu, tutamusomea misa, na familia itaondoa kilio, matanga iishe. Siku ndiyo ilikosekana. Bila siku hakukuwa na misa, bila misa hakukuwa na kilio cha kuondoa, na sahani iliendelea.

Nilimwambia maman alichosema Koko, kwamba mtu akikosa siku anachagua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akasimamisha mchi.

"Iko mama ya mutu, ule Koko yako?"

"Ndiyo, maman."

"Basi anajua. Alichagulia mama yake. Miye siwezi kumuchagulia mutoto yangu siku ya kufa."

Akaendelea kutwanga. Na mimi tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu hapa duniani, siku hiyo moja. Sikutaka haki, wala mhalifu, wala maiti.

Kisha akaja dereva. Alikuwa mtu mzima, shati safi, kofia mkononi. Nilipomfungulia lango alinitazama usoni, akarudi hatua nzima nyuma. Mimi na kaka yangu tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Watu walitucheka kwa hilo tangu shule ya msingi.

"Iko weye unafasiriaka batu?" akauliza.

"Ndiyo, tonton."

"Miye sina lazima ya mufasiri."

Aliingia peke yake. Alikuja mara tatu, wiki tatu, na mara zote tatu nilipelekwa jikoni, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Niliona visogo vyao kupitia dirishani. Mara ya tatu alijifunika uso kwa kofia, na Koko, ambaye hakuwa mtu wa kugusa watu, aliweka mkono mgongoni kwake. Alipoondoka alipita mbele yangu bila kuinua macho. Koko alikaa barazani mpaka chai yake ikapoa, kisha akaniita.

"Una picha ya kaka yako?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Koko," nikasema, "ule mutu alikuambia nini?"

"Yenye inasemwa kwenye kiti inabakia kwenye kiti."

"Iko juu ya kaka yangu."

"Sikusema ivyo."

"Haukusema kama si ivyo."

Alinyamaza. Ndio ukimya uleule niliouona ukiwafungua watu mia, na mimi ulinifunga. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba amefundishwa kunyamaza na watu waliokuwa na makaburi. Nilivua aproni ya kupigia pasi, nikaondoka, nikakaa nyumbani wiki mbili.

Nilirudi. Mtu ataniuliza kwa nini. Kwa sababu mama wawili kutoka Kabare walikuja kunigongea nyumbani wakisema wamekaa barazani kwa Koko asubuhi nzima, na yeye anawaambia kwa Swahili yake, "Ngoja, ngoja." Na kwa sababu kilichokuwa changu kilikuwa ndani ya nyumba ile, ndani ya kichwa kile chenye mvi, na nisingekipata nikiwa mbali. Koko hakunipa pole wala karipio. Kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi vibaya, na yeye mwenyewe, na kimeungua pembeni.

Nilijaribu kila njia. Nilimuuliza ghafla katikati ya karata. Nilimuuliza kwa unyenyekevu, nikapiga goti. Nilimsimulia habari ya sahani ya kijani, mara nyingi, kwa ukatili, nikiongeza chumvi. Aliniambia mara moja tu sababu yake: wale waliomletea habari zao katika vita hii walimletea kwa kuwa hajawahi kutoa hata moja nje, akitoa moja, kesho baraza litakuwa tupu, na yule dereva ana watoto, na watu anaowaogopa bado wanapita barabarani na bunduki. Ilikuwa sababu nzuri. Sijawahi kuichukia sababu nzuri kiasi kile.

Ukafika wakati mke wa dereva akaja mwenyewe kukaa kwenye kiti, amevaa nguo nyeusi. Mume amekufa kwa homa. Nilimfasiria mama yule kwa uaminifu, kila neno, na alipoondoka nikasimama mbele ya Koko.

"Amekufa. Sasa sema."

"Mutu akikufa, siri yake haikufi. Inabakia bila mwenyewe. Nani ataichunga?"

"Na miye, nani ananichunga?"

Hapo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani nimempata. Akasema chai imepoa.

Mwaka uleule mafuta yaliadimika mjini. Barabara zilifungwa, Nyawera mafuta yaliuzwa kwa kofia ya chupa, na maman alikuwa akipika sombe kwa maji na chumvi. Jioni moja nikamkuta Koko anajaribu kuwasha glasi yenye ua jekundu, kiberiti kinazimika, na amemimina humo mafuta ambayo kwetu yangepika siku tatu. Nilikuwa nimechoka na hasira ilikuwa karibu.

"Maman anakula sombe bila mafuta," nikasema, "na weye unachomea wafu?"

"Saidia."

"Saba haitoshi? Wa mama yako, wa dada zako, sawa. Huyu naye nani?"

"Huyu hana mutu mwingine wa kumuwashia," akasema. "Saidia, ma fille, binti yangu."

Nikachukua kiberiti nikawasha mimi, kwa kununa. Njiti ya tatu ndiyo ilishika. Nikamuuliza kama ameridhika. Akasema ndiyo, asante, na akanipa kilichobaki kwenye chupa nimpelekee maman. Sikushukuru. Mwaka uliofuata niliwasha tena mimi, bila kuulizwa, kwa kuwa ilishakuwa sehemu ya kazi kama pasi.

Vita vikatangazwa kwisha, nasi tukaambiwa tufurahi. Koko akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, na mwanawe akaja kutoka Ubelgiji kumchukua. Nilikwenda mchana kumuaga. Mwanawe alikuwa sebuleni anabandua picha za watoto wake kwenye friji. Koko alilazwa chumbani, kitanda kimesogezwa dirishani, na kando ya kitanda wameweka kile kiti cha watu cha kukalia wageni. Mimi nilisimama.

"Lete glasi," akasema.

Nilizileta kwenye sinia. Saba tulizifunga kwenye vitambaa vya mkononi, moja moja, nikazipanga ndani ya sanduku. Ya nane alibaki nayo mkononi. Akachomoa lile daftari jembamba chini ya mto, akachana ukurasa mmoja, akauweka ndani ya glasi, akaninyooshea.

"Hii iko yako."

Nilifungua ukurasa. Palikuwa na mistari minane. Upande mmoja majina, katikati siku za kalenda yao, mwishoni siku za kalenda ya kila mtu. Mistari saba ilikuwa na majina. Wa nane, mahali pa jina palikuwa patupu. Siku ilikuwepo. Mwezi ulikuwepo, na mwaka, na ulikuwa mwaka ule alioondoka kaka yangu.

Nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Hata hivyo nilitaka alitamke.

"Koko. Ulisema mutu akikosa siku anachagua siku."

"Ndiyo."

"Mama yako ulimuchagulia. Dada zako uliwachagulia."

"Ndiyo."

"Na hii?"

Aligeuza uso dirishani, kwenye maji, kama alivyowafundisha watu wote kutazama.

"Ile," akasema, "sikuichagua."

Nilihesabu kwa vidole mbele yake. Kaka yangu aliondoka Jumatatu. Siku ile ilikuwa ya kumi na tisa tangu aondoke. Siku kumi na nane alikuwa hai mahali fulani, anapumua, pengine ananingoja, na mimi siku zote hizo nilikuwa hapa napiga pasi vitambaa. Na miaka miwili nilimuwashia taa kwa mkono wangu na kumnung'unikia mafuta.

"Miaka mine," nikamwambia. "Maman anaweka sahani miaka mine, Koko."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Najua na ile."

Sebuleni mwanawe aliangusha kitu, akaomba radhi kwa Kifaransa kwa nyumba tupu. Koko akanyoosha mkono, akapapasa ukingo wa kitanda mpaka akaupata wangu.

"Uko aje?" akaniuliza. Kwa Swahili, vizuri, kama sisi.

Nilifungua mdomo nijibu kama tunavyojibu. Nikashindwa. Nikavuta kile kiti, nikakaa. Tulitazama ziwa wote wawili, na yeye hakuniharakisha. Vitambaa vyote vilikuwa vimefungia glasi, basi ikabidi niinuke mimi mwenyewe, nifungue sanduku, nifungue glasi ya mama yake, nichukue kitambaa chake, nirudi kukaa. Glasi ya mama yake ilisafiri Ulaya ikiwa uchi ndani ya soksi. Kitambaa ninacho. Sijakirudisha, na hakuna tena wa kumrudishia. Alifia huko kabla mwaka haujaisha.

Nilipofika nyumbani maman alikuwa ameshaepua. Sahani ya kijani ilikuwa mezani, tupu, inasubiri. Niliweka glasi pembeni yake nikamwambia siku. Niliitaja polepole, siku, mwezi, mwaka.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia, maman."

Na ulikuwa ukweli. Maman aliigeuza glasi, akatazama ua, akairudisha mahali pake. Alikaa. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, kama yangu ilivyohesabu. Ilipofika kumi na tisa ikasimama. Kisha akainuka, akachukua sahani ya kijani, akapakua bugali, akapakua sombe juu yake, nyingi, akaifuta ukingo kwa kidole kama alivyokuwa akimfutia kaka yangu, akaisukuma upande wangu.

"Kula," akasema. "Chakula inapoa."